Nina milioni sita, nataka baiskeli ya mbio ya kudumu nayo: Nyegezi hadi Kigongo mara tatu kwa wiki

Nyegezi Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Naishi Nyegezi, hapa Mwanza, na mwaka wa tatu huu natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Njia ni ile ile: Mkolani, Buhongwa, nateremka hadi Usagara, pale njia panda nakata kulia kuelekea Kigongo. Nikifika mwanzo wa Daraja la JP Magufuli nakunywa maji, nageuza. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 magari hayakai tena foleni kusubiri kivuko, yanapita kwa mwendo, kwa hiyo najitahidi niwe nimerudi Buhongwa kabla daladala hazijachangamka.

Ninayopanda sasa ni ya chuma, ya mtumba, giya saba nyuma na sahani moja mbele. Niliiweka kwenye mizani ya duka la nafaka ikasoma kilo 13 na ushee. Imenitunza na sina neno baya juu yake. Ila vilima vya Buhongwa giya inaisha kabla kilima hakijaisha, na mvua ikinyesha inabidi nishike breki mbali kabisa ndipo isimame ninapotaka.

Nimeweka akiba mwaka mmoja na nusu. Nina milioni sita, usafiri na kila kitu humo humo. Mezani kuna tatu:

Kwanza ni mpya ya aluminiamu yenye foki ya kaboni, giya za Shimano 105 za waya, sahani mbili mbele na giya kumi na mbili nyuma, breki za diski za mafuta. Ya pili ni ya mtumba kutoka Ulaya, kaboni mwili mzima, giya za Shimano Ultegra Di2, zile za umeme, kumi na moja nyuma, rimu nene za kimo cha milimita 50. Muuzaji yuko Dar, picha zinang'aa. Ya tatu ni kununua fremu ya kaboni isiyo na jina kutoka China halafu nijaze vifaa mwenyewe kidogo kidogo.

Sitawaficha, roho yangu iko kwa ile ya pili. Kabla sijatuma hela nataka kusikia wanaopanda na wanaotengeneza. Naomba kuwasilisha.

---

Spana Mabatini

Mwangaluka mkuu. Mimi ni fundi, mwaka wa 19 huu nashika spana hapa Mabatini. Nilianza na Phoenix na Avon za kubebea maji na mkaa, siku hizi naletewa na hizi za mbio.

Umeuliza kaboni au aluminiamu, lakini hujasema mguu wako una urefu gani. Baiskeli isiyokutosha haina thamani hata ukipewa bure. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka kigote juu, mwambie mtu aweke alama ukutani. Pima kutoka sakafuni hadi alama. Namba hiyo zidisha kwa 0.883, utapata urefu wa kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Ni hesabu iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Mguu wa sentimita 82 utakupa kama 72 na nusu. Hapo ni pa kuanzia, utarekebisha kidogo kidogo magoti yakikuambia.

Siti inapanda na kushuka. Urefu wa fremu kwenda mbele ndio usio na dawa. Fremu ikiwa ndefu utafupisha shina la usukani, na ukilifupisha sana baiskeli inakuwa na kichwa chepesi, inayumba kwenye mteremko. Mwombe kila muuzaji akupe vipimo vya fremu yenyewe, usikubali akuambie tu "ni saizi ya kati". Saizi ya kati ya kampuni hii inaweza kuwa kubwa ya kampuni nyingine.

La pili. Tairi. Nasema hili kila siku na watu hawaniamini mpaka wakwame barabarani. Tairi ya Phoenix inaitwa 28, na tairi ya baiskeli ya mbio wengine nayo wanaiita 28. Si moja. Ile ya Phoenix inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, ya mbio ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini huwezi kuivalisha hata ukiwa na mikono ya chuma. Soma namba ndogo pembeni ya tairi, lazima uone 622. Hizo hutazipata kila duka la spea, kwa hiyo tairi moja na tyubu mbili za akiba ziwe ndani ya bajeti yako tangu siku ya kwanza.

Nipe urefu wa mguu, nitarudi.

---

Kaboni Tupu

Mkuu chukua ya pili, usipoteze muda. Nimepanda aluminiamu miaka minne, nikahamia kaboni, sirudi. Vile vitetemeko vya lami iliyochakaa vinavyokuja mpaka kwenye meno, kaboni inavimeza. Na uzito ni uzito. Hata kwenye mashindano ya kimataifa UCI, chama cha baiskeli cha dunia, imebidi waweke kikomo, chini ya kilo 6.8 hairuhusiwi, kwa sababu wepesi unalipa.

---

Nyegezi Alfajiri

Fundi, nimepima. Sentimita 81. Urefu wangu wote 173.

Kaboni Tupu, asante, ndiyo roho yangu ilivyo.

---

Dada wa Pasiansi

Naomba niingie hapo kwenye uzito kwa sababu nilidanganyika humo humo.

Tuchukue mpandaji wa kilo 73. Baiskeli ya kaboni tuseme kilo 7.8, ya aluminiamu kilo 9. Tofauti ni kilo 1.2. Lakini kilimani hupandishi baiskeli peke yake, unapandisha na mwili wako. Kwa hiyo ni kilo 1.2 kati ya 82, kama asilimia moja na nusu. Kilima kinachokuchukua dakika nne, umeokoa sekunde tatu au nne. Kwa anayegombea zawadi sekunde nne ni pesa. Kwa anayewahi kurudi Buhongwa kabla ya daladala, hazimsaidii kitu.

Kinachookoa magoti ni giya. Baiskeli yako ya zamani, kama mbele ni meno 42 na nyuma kubwa ni 28, kila ukizungusha pedeli mara moja unasukumwa mita 3 na kidogo. Hiyo 105 yenye 34 mbele na 34 nyuma inakusogeza mita 2.1 kwa mzunguko. Yaani kilima kile kile, unakikata vipande vidogo zaidi. Mimi kutoka Pasiansi nikipanda Isamilo nilikuwa nasimama kwenye pedeli nusu ya kilima. Siku hizi nakaa na kupumua.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa kaboni, nzuri kwa macho, saizi mbili juu yangu. Muuzaji alisema nitaizoea. Miezi mitano shingo na mikono vinakufa ganzi, nikaiuza kwa hasara. Alichosema fundi hapo juu kuhusu urefu wa mbele ningekisikia mapema ningebaki na hela yangu.

Na vitetemeko, ndugu yangu Kaboni Tupu, jaribu kwanza tairi pana. Nilitoka milimita 25 nikaenda 32, upepo nikapunguza, ndipo nilipojua barabara ya Uwanja wa Ndege haikuwa mbaya kiasi kile. Angalia fremu unayotaka kununua inapokea tairi ya upana gani. Nyingi za zamani mwisho 25, ukibahatika 28.

---

Mkaa Igoma

Nimeweka kambi. Nami natafuta.

---

Barabara ya Magu

Naongezea kwenye breki za mafuta, maana mleta uzi amezitaja kama kitu cha kawaida.

Ni breki nzuri. Mvua ya masika ikinyesha kutoka Kisesa kurudi mjini, ule mchanga wa mawe yetu unatiririka barabarani, breki za rimu zinausaga ule mchanga kwenye rimu yenyewe mpaka unasikia sauti kama jiwe la kunolea kisu. Diski haina habari.

Lakini mafuta yake si mamoja. Shimano wanatumia mafuta ya madini. Washindani wao SRAM kwa miaka mingi wametumia DOT, jamii ile ile ya breki za gari. Mwaka juzi nilipeleka ya kwangu ya Shimano sehemu fulani, leva ilikuwa inabonyea mpaka kwenye usukani. Kijana akachukua kopo la DOT la duka la spea za magari, akajaza, leva ikakaza vizuri, nikalipa, nikaondoka na furaha. Baada ya wiki kama tatu leva ya mbele ikawa nzito, kisha haikurudi kabisa. Raba za ndani zilikuwa zimevimba. DOT inaziharibu raba zilizotengenezwa kwa mafuta ya madini, na ukishachanganya hakuna kusafisha. Nikanunua leva na koleo la breki upya, mbele na nyuma.

Kwa hiyo ukichukua ya kwanza, agiza kichupa cha mafuta ya Shimano na kile kikombe cha kujazia siku hiyo hiyo unayoagiza baiskeli. Kikae kabatini kwako. Fundi yeyote utakayemwendea, mpelekee kichupa mkononi.

---

Spana Mabatini

Barabara ya Magu pole sana, na umesema kitu ambacho sisi mafundi tunapaswa kukiandika ukutani.

Mleta uzi, kwa 173 na mguu wa 81, fremu nyingi za mbio saizi 54 zitakukaa, lakini bado linganisha vipimo. Siti anzia 71 na nusu.

Sasa nizungumzie ile ya Dar. Di2 ni giya nzuri mno, inabadilisha kwa kubonyeza kama swichi, na betri inakwenda kilomita nyingi kabla ya kuchaji. Sina ugomvi nayo. Hofu yangu ni siku moja leva ya kulia ikifa. Waya ukikatika kwenye giya za waya, nakuwekea mwingine dakika ishirini, na waya unapatikana mji wowote wenye fundi. Leva ya umeme ikifa, mimi sina cha kukufanyia zaidi ya kukuandikia namba ya kifaa ukatafute nje. Na Ultegra ya umeme ilishahamia kumi na mbili nyuma tangu 2021, hiyo ya kumi na moja ni kizazi kilichopita. Baiskeli utakaa nje ya barabara wiki ngapi? Wewe unapanda mara tatu kwa wiki, thamani ya baiskeli kwako ni zile asubuhi.

Ultegra na 105 kwa kazi unayofanya tofauti kubwa ni uzito na jinsi zilivyopakwa. Nimezifungua zote mbili. Mtu akifumbwa macho akapandishwa, za waya za kizazi kimoja, atabahatisha.

Rimu za milimita 50 nazo hapana, kwa njia yako hapana. Pale Kigongo ziwa liko wazi kushoto na kulia, upepo unakuja wa ubavu. Rimu nene inashika upepo kama tanga la ngalawa, na inayosumbua zaidi ni ya mbele, ile inayoshikilia usukani. Lori likikupita unapata ukuta wa upepo, likimaliza kupita ukuta unaondoka ghafla. Saa hiyo unataka rimu fupi.

---

Kaboni Tupu

Fundi hapo kwenye upepo nakubali, nilishasukumwa mara mbili nikaingia mchangani kando ya lami. Nilibadilisha rimu ya mbele tu nikaweka fupi.

Lakini kaboni yenyewe mbona mnaiogopa? Inadumu miaka.

---

Musoma Mjini

Hatuiogopi ndugu, tunaogopa kuinunua kwa picha.

Aluminiamu na chuma vikipigwa vinabonyea, unaona. Kaboni inaweza kupata ufa ndani na juu rangi imelala kama kawaida. Nimenunua za mtumba nne kwa miaka, moja ilikuwa mbovu, na niliigundua kwa sababu nilikuwa nayo mkononi. Niliiweka juani, nikaifuta na kitambaa chenye maji, nikafuata kila kona kwa ukucha: pale bomba la siti linapobanwa, shingo ya fremu, chini kwenye krenki, na miguu ya nyuma inapokaribia tairi. Halafu nikachukua sarafu nikagonga taratibu, sentimita kwa sentimita. Kaboni nzima inalia kwa sauti kavu, ti, ti, ti. Nilipofika mguu wa nyuma wa kushoto ikawa dhu, kama unagonga kadibodi iliyoloa. Nikairudisha kwa mwenyewe, naye kwa uungwana alinirudishia hela.

Muulize pia muuzaji wa Dar beringi za krenki zimefungwaje. Kuna fremu beringi zinasokotwa kwa uzi wa skrubu, na kuna ambazo zinakandamizwa moja kwa moja ndani ya fremu. Za kusokota fundi anazitoa na kurudisha bila wasiwasi. Za kukandamizwa zinahitaji vifaa vyake, na nimeona mtu akizigonga kwa nyundo ndani ya kaboni. Sitaki kuona tena.

Hiyo fremu isiyo na jina ya China mimi nisingeigusa kwa milioni zako. Wapo wanaobahatika. Ila ukimaliza kununua magurudumu, giya, usukani, breki, siti, unakuta umepita bei ya baiskeli kamili, na ikija na kasoro hakuna wa kumuuliza.

---

Nyegezi Alfajiri

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Nilimwandikia yule wa Dar nikaomba picha za chini ya krenki na miguu ya nyuma, juani. Akasema wateja wengine hawaulizi hayo. Nikaomba vipimo vya fremu, akaandika "medium". Nimemshukuru, nimeachana naye.

Nitarudi na mrejesho.

---

Nyegezi Alfajiri

MREJESHO, baada ya wiki tisa.

Nimechukua ya kwanza. Aluminiamu, 105 za waya, saizi 54, beringi za krenki za kusokota, nafasi ya tairi hadi milimita 32. Mabadiliko niliyofanya kabla haijasafirishwa ni mawili: nilimwomba muuzaji aweke tairi za 32 badala ya 28 zilizokuja nayo, na kwenye kifurushi hicho hicho akatia tyubu tatu, mnyororo mmoja wa akiba, kichupa cha mafuta ya Shimano na vifaa vyake, na kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia mkono wa giya kwenye fremu. Hicho kipande Spana Mabatini alinipigia simu kunikumbusha. Kila fremu ina chake, kimeundwa kipinde ili fremu isipinde, na baiskeli ikianguka upande wa kulia ndicho kinachotangulia kuumia. Bila chake huna giya. Wabeja sana fundi.

Baiskeli imefika kwenye boksi, usukani umelazwa. Fundi aliifunga mbele yangu kwa spana yenye kipimo, boliti za usukani akazikaza hadi Nm 5 kama ilivyoandikwa juu yake, moja baada ya nyingine kwa mkato, zamu kwa zamu. Mizani ya duka lile lile la nafaka: kilo 9 na gramu mia mbili, bila pedeli.

Niseme kuhusu Alhamisi iliyopita. Nilikuwa narudi kutoka Usagara, saa kumi na mbili na nusu, mvua ya usiku imeacha ule mchanga wa rangi ya kahawa umetanda kwenye mteremko. Ng'ombe watatu wakavuka, mchungaji ni mtoto wa shule mwenye kaptula, hakuwa ameniona. Nilishika breki zote mbili kwa vidole viwili viwili. Baiskeli ilisimama wima, tairi hazikuteleza, na kati yangu na ng'ombe wa mwisho palibaki nafasi ya baiskeli nyingine nzima. Mtoto akanipungia mkono, nikampungia. Kwa ile ya zamani ningekuwa naandika uzi mwingine.

Vilima vya Buhongwa napanda nimekaa. Njia nzima sasa naimaliza dakika kumi na mbili chini ya zamani, na sioni kama ni uzito tu, ni kwamba miguu haijafa nikifika nusu.

Zimebaki laki mbili na themanini. Hizo sizigusi, ni za tairi.

Swali langu moja la mwisho. Upepo nijaze kiasi gani? Kijana wa sheli aliniambia baiskeli ya mbio lazima iwe ngumu kama jiwe, psi mia moja na zaidi.

---

Dada wa Pasiansi

Hongera sana kaka! Na usimsikilize kijana wa sheli. Mia moja ilikuwa kwa zile tairi nyembamba za zamani. Mimi kwa 32 na kilo zangu 64 naweka 52 mbele na 55 nyuma. Wewe anzia 57 na 60, upunguze au uongeze mbili mbili mpaka mikono iridhike. Ukigonga shimo ukasikia rimu inagusa, umepunguza mno.

---

Spana Mabatini

Dada amesema sahihi. Naongeza onyo kwa wote wanaosoma, kabla ya kujaza tazameni rimu zenu. Kuna rimu za kisasa zisizo na ile kingo ya ndani ya kushikia tairi, na kikomo chake ni bar 5, yaani psi 72 na nusu. Ukipeleka hizo kwenye kompresa ya sheli wakajaza mia, tairi inaweza kuchomoka rimuni ukiwa kwenye mteremko. Za mleta uzi nimezikagua, zina kingo, lakini kompresa bado siitaki. Nunua pampu ya mkono yenye saa ya kupimia upepo, na valvu yako ni ile nyembamba, hakikisha kichwa cha pampu kinaishika.

Na mnyororo. Kwa mchanga wetu futa kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, mafuta matone machache, kisha futa tena mpaka nje pakauke. Kila mwezi chukua rula ya chuma, pima vipande 24 kutoka pini hadi pini. Mpya ni milimita 304.8. Ukikaribia 306 niletee tubadilishe na ule wa akiba, kwa sababu ukiuacha uendelee utakula meno ya nyuma, na kaseti ya kumi na mbili bei yake unaijua. Jumamosi nipo kuanzia saa mbili.